Udi Ulioingia Kabla ya Wakati

Baghdadiyah,
Jidda.
9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Arwa,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Riyadh? Baridi ya mtaa wenu wa Murabba imepungua? Na shemeji Salem, kifua kimempoa? Sisi huku wazima, ila usingizi ndio tumeachana nao. Rayan anaota meno, na mdogo wake bado hajui usiku ni upi na mchana ni upi. Naandika huku mmoja kanilalia mguuni, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke.

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma huujibu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mume wangu Soud anakuja huko kikazi, nimemwambia akukabidhi hii mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Dada, tangu Alhamisi ile uliyoondoka bila kuaga, baraza la mama limekufa. Sipambi maneno. Wewe unajua lilivyokuwa. Alasiri ikishaswaliwa viatu vinajaa mlangoni, wanawake wa Kiunguja kutoka Jidda nzima, mwenye shairi na shairi lake, mwenye habari za siasa za nyumbani na habari zake. Mama mwenyewe wala hasemi sana. Anamimina kahawa, anajua nani amkalishe mbali na nani, na mtu akianza kupandisha sauti juu ya vyama, anamsogezea sahani: "Bibi we, tafuna tende kwanza, serikali haitoki leo." Chumba kizima kicheko.

Sasa wamekataa kuja. Wanasema ikiwa Arwa, mtoto wa dada yake mwenyewe, katolewa kwa udi katikati ya shairi, wao watasalimika vipi? Nami siwalaumu. Sote tumelelewa hivyo, chetezo kikiingia maana yake mazungumzo yamekwisha, jifukize uende kwenu.

Lakini udi ule mama hakuuagiza. Rayan alinitapikia ukumbini, nje ya mlango wenu, juu ya mito. Nilikuwa namvua nguo. Susan, yule dada wa Kenya anayetusaidia kazi, alikuwa mgeni bado, desturi yetu ya udi hajaijua. Akaona harufu inaingia kwa wageni, akanionea haya. Akawasha mkaa, akapita na chetezo. Mpaka leo ananiuliza, "Madam Hana, kwani nilifanya nini mbaya? Si nilitaka tu kunukie vizuri?"

Laiti yangekuwa hayo tu, ningekwambia rudi, tucheke, yaishe. Ila sitaki kukuficha. Mama alimwona Susan akiingia. Kumtikisia kichwa tu kungetosha. Hakumtikisia.

Nilimuuliza, akajishughulisha na vikombe vyake kwanza. Kisha akasema alipoona beti zako zinaelekea kwa babu mdogo, aliyetia saini nyumba ya babu ya Malindi kule Unguja ikachukuliwa na serikali, na Bi Zuwena, binti yake, kakaa mkabala nawe na kikombe mkononi, roho ilimruka. Akaona bora udi upite. "Nimemsitiri Zuwena, nikampoteza Arwa." Hayo ndiyo maneno yake.

Alikosea. Nimemwambia kwa adabu, naye anajua. Miaka yote ametulea tukiamini kwamba barazani kwake hazibwi mtu mdomo. Inamtafuna, dada. Chakula anakigusa tu.

Na wewe pia hukufanya vyema, nivumilie nikwambie. Ulijua Bi Zuwena yupo. Ungemwita pembeni kabla, ukamwonya kwamba utamtaja baba yake. Na badala ya kuwatangazia watu kwenye simu kwamba mama yako mdogo kakufukuza, ungemuuliza mwenyewe. Hilo limemuuma kuliko viatu kukosekana mlangoni.

Anataka baraza nilishike mimi. Nimekataa, na sitabadili nia. Shule yangu unaijua, mashairi siyajui, na nikikaa kitako kidogo tu nasinzia. Mtu aliyemkusudia tangu zamani ni wewe. Inanisikitisha kwamba hukuwahi kuambiwa, ukaja kuisikia habari hiyo leo, baraza likiwa limeshavunjika.

Alhamisi iliyopita mama alitandika kama kawaida. Aliyekuja ni mmoja, Bi Zuwena. Nikasema moyoni, haya, amekuja kulaumu. Akakaa, akanywa kahawa yake, akamwambia mama, "Mwanamize, yule mtoto alikuwa anamtaja baba yangu. Baba yangu namjua mimi kuliko nyinyi nyote. Nataka kusikia mpaka mwisho."

Mama akalia. Kisha wakaanza kuzikumbuka beti zako wawili wao. Huyu anatia mstari, yule anasema, "Sivyo, alisema hivi." Wakaenda nazo mpaka pale Susan alipoingia na chetezo. Hapo wakakwama.

Mstari unaofuata hawana, dada. Unao wewe.

Mfikishie salamu shemeji Salem, na unibusie watoto wote. Mama hajui kama nakuandikia. Mungu akulainishie moyo, akulinde njiani ukiamua kuja, na asitufanye tukumbukane msibani tu.

Mimi mdogo wako, niliyechoka na kila kitu isipokuwa kukupenda,

Hana