Mtoto wa Kuteremsha Wastani

Shoga, usinipigie, sauti haitoki. Soma tu.

Jana mkuu wa shule aliniita ofisini. Eti yule binti wa darasani kwangu, yule niliyekwambia alianza mwaka hajui hata herufi moja, asije kwenye mtihani wa leo. Atateremsha wastani, shule ya jirani itupite.

Nikamwambia siku hizi anasoma aya nzima. Anasitasita, lakini anaimaliza.

Akasema, "Mwalimu, huko juu hawaulizi alikotoka. Wanaangalia alama." Kwa upole kabisa, kama ananishauri dawa ya mafua.

Nikampigia mama yake. Nikashindwa kulisema. Nikaishia kumwambia mtoto alale mapema.

Basi leo kaja, kapakwa mafuta anang'aa. Ndiyo kwanza nagawa karatasi, mkuu akaingia, akamwona. Akaniuliza mbele ya darasa zima, "Huyu nani kamleta?"

Shoga, mtoto akanyoosha kidole! Alidhani anaulizwa yeye. Akasimama. "Nimekuja mwenyewe, mwalimu."

Nimekuja mwenyewe.

Mkuu akamshika mkono, akampeleka maktaba. Mimi nikaendelea kugawa karatasi.

Walimu wenzangu wananipa pole, naitikia tu. Hata kulia silii.

Watoto wenzake walipomaliza nikamfuata maktaba na mtihani wake. Akaufanya peke yake, ulimi nje, mimi nimekaa pembeni.

Nimemaliza kuusahihisha sasa hivi. Kapata alama arobaini na moja.

Matokeo ya darasa yameshatumwa. Sina pa kuzijaza.