Gome la msesewe na kikombe cha Aikaeli

Marangu, Moshi
Jumapili, 10 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Isack,

Marahaba. Najua shikamoo yako hujaitoa, ila naipokea mapema kwa sababu huwa unaisahau mpaka ukumbushwe. Hujambo huko Mbeya? Goti lako je, bado linatabiri mvua kuliko redio? Shemeji Esther ameshapona kile kikohozi? Sisi tupo. Ng'ombe amezaa jike, migomba imebeba vizuri, mvua ndiyo inatutania.

Habari kubwa ni kwamba kaka yako sasa ni msomi wa chuo kikuu. Juzi Ijumaa nimekaa maktaba masaa matatu, kadi shingoni, miwani puani, wanafunzi wananipisha njia. Wewe uliyenicheka miaka yote kwa darasa langu la nne, nyamaza sasa.

Basi, nimedanganya. Kadi iliandikwa MGENI, miwani ni ya shemeji yako Aikaeli, na nilichosoma mwenyewe hakizidi mistari minne. Nilipelekwa na woga. Woga wenyewe sijauacha huko, nimerudi nao. Nakuandikia nyuma ya banda la ng'ombe, maana kwenye simu sauti yako husikika mpaka kanisani, na hili Aikaeli hajalisikia.

Unajua shemeji yako ana presha, anameza vidonge vya kliniki. Mimi vidonge sikuviamini. Vidogo mno. Mwezi wa kwanza nilikaa kilabuni Himo na Wenseslaus, yule muuza mahindi, akaniapia kwamba gome la msesewe limemshushia presha kuliko hospitali yoyote. Nikasema kumbe, dawa ninayo hapa nyumbani, kihambani kwenye migomba, na mimi nimezoea kuiona ikitia uchungu pombe ya mbege tu.

Sasa wewe unamjua Aikaeli. Tangu pombe ilipomzika kaka yake hajaonja mbege, mwaka wa thelathini na moja huu, na gome hilo hataki hata likaushwe uani kwake. Nikalichemsha kwa siri nikamwambia ni mwarobaini. Uchungu ni uchungu tu, angejuaje? Kila asubuhi kikombe kimoja, wiki tano, na yeye ananishukuru kwamba uzeeni nimejifunza kumtunza. Nikawa natembea kifua mbele kama daktari.

Alhamisi iliyopita alianguka. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe kule chini kwenye mfereji, nikasikia panga limelia kwenye jiwe, kisha kimya. Nikamkuta amelala juu ya majani, macho wazi, hanioni. Isack, sijawahi kuita jina la mtu namna ile. Alipozinduka alisema ni jua. Jua gani chini ya migomba? Nikamwambia ndiyo, ni jua. Nilipomfikisha ndani nikaenda kumwaga ile sufuria ya gome kwenye mbolea, nikitazama nyuma kama mwizi.

Kesho yake nikashuka mjini kwa mjukuu wetu Winfrida, yuko mwaka wa pili anasomea famasia. Nikamwambia nina rafiki, mzee mpumbavu kidogo, amempa mkewe msesewe juu ya vidonge vya presha. Akanipeleka maktaba ya chuo kwa mama mmoja anaitwa Pamela, kazi yake kuwatafutia watu habari za dawa. Nilidhani nitakuta makabati na vumbi. Ni kompyuta, na watu kimya kama Ijumaa Kuu.

Pamela aliuliza maswali kuliko polisi. Gome au majani? Bichi au kavu? Limechemshwa na maji kiasi gani? Wiki ngapi? Nikamtolea kipande cha gome mfukoni, nimekivunja asubuhi ile. Akaandika msesewe kwenye mashine, ikatuletea habari za kupika pombe, nikacheka peke yangu. Akaenda kuleta kitabu kinene cha miti, mwishoni kina orodha ya majina ya kwetu, akalinganisha gome na picha mpaka akapata jina la kitaalamu. Rauvolfia caffra. Nimelinakili kwenye kiganja ili nisilete mchezo tena. Kwa jina hilo zikatoka karatasi nyingi. Nyingine za panya, nyingine za pombe hiyo hiyo, na chache zinasema kutokana na ndugu wa mti huu ilitengenezwa dawa ya presha zamani.

Nikafurahi. Nikamwambia, basi mama, rafiki yangu hajakosea, ni dawa. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeshika waya wa umeme akidhani ni kamba. Akasema ndiyo maana anaogopa, kwamba huenda mgonjwa anashushiwa presha mara mbili bila daktari kujua. Nikamwomba atafute karatasi moja tu, ya mama wa miaka sabini na moja aliyekunywa vyote viwili akapona. Akatafuta kweli, kila akibadilisha maneno namwombea. Hakuna. Nikasema kama hakuna ubaya ulioandikwa, si salama hiyo?

“Hapana, babu,” akasema. “Maana yake hakuna aliyepima.”

Maneno hayo hayajanitoka. Nimezoea kuogopa kitu kilichopo. Sasa naogopa ukurasa mtupu.

Akaomba jina la vidonge. Nikatoa kile kibahasha cha kliniki kwa madaha, kwamba nimejiandaa. Winfrida akakipokea, akakisoma, akakisoma tena. Nilisahau kwamba kliniki huandika jina la mgonjwa juu.

“Babu,” akasema, “huyo rafiki yako amemuoa bibi yangu?”

Nikavua ile miwani ya Aikaeli, nikaanza kuifuta kwa shati.

Pamela hakunisema. Alisema yeye anatafuta habari, hatibu, akampigia mfamasia pale pale. Tukaambiwa gome liachwe kabisa, vidonge visiachwe, apimwe presha haraka, na akianguka tena nisingoje mtu. Na daktari aambiwe yote, kwa sababu vipimo vya wiki tano vimepimwa na gome ndani yake, na Alhamisi hii kwenye kliniki ndipo watakapoamua kuhusu vidonge.

Jana Winfrida alipanda na mashine ya kupimia, akamwambia bibi anafanya mazoezi ya chuo. Presha ilikuwa chini kidogo, si ya kutisha. Alipoondoka alinivuta pembeni akasema ananipa mpaka Jumatano. Nisipomwambia mimi, atamwambia yeye. Mjukuu wangu niliyembeba mgongoni ananipa tarehe.

Nimejaribu mara mbili. Jana nilianza nikaishia kusifu ndama. Leo baada ya ibada nilianza, akaniuliza mbona mwarobaini umekatika, yeye alishauzoea. Nikamwambia umeisha mtini. Unasikia hayo? Mwarobaini umeisha mtini.

Jikoni kukiwa kimya naenda mlangoni kutazama kama bado anapumua, ananifukuza kwamba namzibia mwanga. Naogopa asianguke tena. Halafu kuna woga mwingine nauonea haya. Kelele zake siziogopi, tumeishi nazo miaka arobaini na sita. Naogopa siku nitakapompa chai, aipokee, aitazame ndani, kisha aiweke chini.

Msalimie shemeji Esther na Julius mwanao, mwambie ile kofia aliyonipa nimeivaa maktaba. Mungu awafunike huko, awape wazee wasiojitia udaktari.

Barua hii nampa Primus, utingo wa basi la Mbeya, Jumanne utakuwa nayo. Sasa kumbuka wale mbuzi waliokula miche ya kahawa ya baba. Aliyelala machungani ni wewe, aliyesema “ni mimi” ni mimi, na zile fimbo saba hujawahi kunilipa. Nataka hivi tu. Jumatano saa mbili asubuhi, shemeji yako akishakamua, nipigie. Usiniulize habari za ndama. Uliza, “Kaka, umemwambia Aikaeli?” Uliza kwa sauti yako hiyo hiyo ya kufika kanisani. Nitakuwa nimekaa karibu naye.

Kaka yako anayekupenda, na siku hiyo atakuogopa kidogo,
Sifael