Tatu ya Shemeji

Mama mpendwa,

Naomba radhi kwanza, barua hii ilipaswa kukufikia zamani. Kila nikishika kalamu pacha mmoja analia, nikimbembeleza huyo mwenzake anaamka. Hujambo lakini? Kifua cha baba kimepoa? Sisi tunapumua.

Uliuliza mkweo anafundisha mchezo gani. Ni tiara, Mama, ila si ile ya watoto. Ni pana kuliko paa la jiko letu, na inamvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao. Kamba zake zimefungwa kwenye fimbo unayoishika, na fimbo imenaswa kwenye mkanda wa kiunoni. Wanafunzi huanzia mchangani. Jambo la kwanza ni kuachia fimbo ukizidiwa, maana ukiachia, tiara inalegea. Kusema ni rahisi, lakini anayevutwa hung'ang'ania.

Kitindamimba wako alipokuja alimcheka sana shemeji yake, mtu mzima mwenye ndevu anakula kwa kurusha tiara. Baada ya siku chache hamu ikamkosesha usingizi. Nilimwambia asubiri upepo upungue. Akanijibu kwamba mimi ni mama wa mapacha, si mama yake.

Mume wangu huelekeza kwa uso wa saa, namba zilivyoandikwa: juu ya kichwa kumi na mbili, kulia tatu, kushoto tisa. Ndivyo alivyofundishwa na wageni. Siku ile bahari ilikuwa kulia, ukuta wa hoteli kushoto, na mabati yetu yalikuwa yakigongana tangu alfajiri. Mume wangu akaita, "Tatu!" Mdogo wangu akaipeleka tiara kushoto, kwenye saa tatu yetu sisi, pale mshale mfupi unapokaa tukinywa chai ya asubuhi. Nilikuwa naanika nepi. Alipita mbele yangu hewani kuelekea ukutani, ameing'ang'ania fimbo.

Yu hai, Mama. Kaa kwanza. Kwenye simu nilisema ameteguka mguu; ni uti wa mgongo. Anakula, anaongea. Jana alimwambia shemeji yake, "Lakini niliipeleka saa tatu." Mume wangu akatoka, wodini hajarudi tena. Miguu haihisi kitu, na daktari ameacha kuipima kwa sindano.

Usilie mbele ya baba, mwambie taratibu. Wajukuu wanakuamkia.

Ni mimi mwanao, mama mapacha.

Vilivyobaki kutumwa: shuka mbili pana, mto wa kumlaza ubavu, mafuta ya mgongo asichubuke, kaptura zake zenye mpira kiunoni. Viatu usitume.