Dawa Mbili kwa Siku Moja

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kitengela tuko salama. Mama yako amerudi kazini, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Umeniuliza, kama kila dawa ya shamba haina shida kwa kipimo chake, mbona mwalimu wako huko chuoni anataka mpime madhara yake kwa pamoja?

Miaka ya tisini tulikodi shamba la nyanya kule Rombo. Siku moja babu yako alipiga dawa ya wadudu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Jioni akaanza kutetemeka, mate yakimtoka, hata kusimama hawezi. Jirani yetu Parsaloi akatukimbiza zahanati kwa pikapu yake.

"Ameshika dawa gani leo?" daktari akauliza.

"Ya nyanya tu," nikasema, "na hakuzidisha."

Parsaloi akanitazama. Niliona anaogopa nitamlaumu. Halafu akasema, "Asubuhi alinisaidia kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe."

"Basi ndiyo hiyo," daktari akasema. "Zote mbili zinashika mishipa ile ile ya fahamu. Kila moja ilikuwa kidogo, lakini mwili wake umebeba zote."

Akamtibu akijua anatibu nini. Siku ya nne babu yako akaitisha ugali.

Mara nyingi huwa namfikiria Parsaloi. Angenyamaza, mimi ningeendelea kuapa ni dawa moja tu, na singekuwa nadanganya.

Kwa hivyo pimeni chupa zenu, mama. Lakini mtu pia muulizeni ameshinda wapi siku hiyo.

Mungu akutunze huko.

Bibi yako, Susu