Mama Hataki Kukanyaga Lami

Kinyinya, Kigali
Jumapili jioni

Kaka Thomas mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu vilimani. Natumaini wewe, wifi na watoto hapo Mwanza hamjambo, na kile kikohozi chako kimekupa nafasi ya kupumua. Sisi tunaendelea, mvua zinatunyeshea asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe mwili mzima, ila kichwa kimevurugika. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu wewe na mimi hatumalizi salamu kabla ya kugombana.

Ulinipa hadi mwisho wa mwezi nikuambie kwa nini Mama hatoki nje, la sivyo unakuja kumchukua. Ulisema mama mzazi kukaa kwa mkwe ni aibu, na kwamba anagoma kimyakimya kwa sababu hawezi kulitamka hilo. Sikukubali, lakini jibu la kukupa sikuwa nalo. Basi acha nikueleze yalivyokwenda, ingawa hata sasa sijui kama nimeyaelewa yote.

Unaikumbuka njia yetu ya gari, ile lami inayoshuka kutoka getini mpaka barazani. Mama alipohamia kwetu kutoka Ngara ilikuwa ya kijivu, imechakaa, nyufa kila mahali, naye aliikanyaga bila neno. Jumapili tulipanda naye taratibu kwenda kanisani, kanishika mkono, huku akiwasema majirani wasiojua kufagia. Aliyeona aibu ni Mutsinzi. Alisema mama mkwe wake hawezi kupita kwenye nyufa kama mtu asiye na wenyewe, akaamua lami ipakwe dawa ya kuziba nyufa na kuirudishia weusi wake.

Hapo ndipo tulipoanza kupotea. Kumbe dawa yenyewe si moja, kaka! Fundi wetu Eustache, mtu wa maneno mengi, alitaka ya mafuta, akidai ya maji itaondoka na mvua. Mwenye duka akatuapia kwamba ya maji ndiyo ya kisasa, na ile ya mafuta itatunukia ndani ya nyumba mpaka tuhame. Jirani yetu Kamau, Mkenya mmoja anayejua kila kitu, akatuambia tusipake chochote. Niliuliza ipi inafaa miguu ya mzee, na kila mmoja akanijibu kuwa ni ile yake. Mwishowe tukachukua ya maji.

Eustache akapaka, tukalaza gari barabarani mpaka lami ikakauka. Jumapili iliyofuata Mama alitoka na kitenge chake kizuri, akafika ukingo wa baraza, akasimama. Alitazama chini kwa muda, akarudi ndani, akavua viatu. Nilipomuuliza alisema leo haendi, basi. Jumapili nyingine ikawa hivyohivyo.

Unajua Mutsinzi anavyomheshimu Mama. Tangu anioe hajawahi kumkazia macho wala kumuuliza jambo ana kwa ana, kila kitu kinapitia kwangu. Kwa hiyo badala ya kuuliza, alikisia. Alisema Mama ameona kazi imelipuliwa na anaona haya kumsema mkwe. Eustache akaridhia upesi mno. "Madamu, hii ya maji iko dhaifu. Tuweke ile nyeusi kabisa, iko inang'aa kama viatu vya bwana harusi!" Tukaiweka. Mama akaacha hata kukaa barazani.

Nikadhani ni harufu, nikachoma ubani. Nikadhani anaogopa kuteleza, tukapaka mkono mwingine wa dawa, wenye mchanga, nao ukawa mweusi kuliko wa kwanza. Nisamehe, kaka, kuna siku nilidhani ni wewe unayempigia simu kumjaza maneno. Kila tulipozidi kumheshimu, alizidi kujifungia. Mutsinzi alianza kuacha chakula mezani, akisema sasa ameelewa kwamba Mama hamtaki. Nilimhurumia na wakati huohuo nikamkasirikia Mama, nakuambia ukweli.

Jumanne iliyopita mvua ilikuwa imenyesha na lami inametameta. Nilikuwa natoka kwenda kazini. Mguu wangu haujagusa chini, Mama akaja mbio pekupeku, akanidaka gauni kwa nyuma kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, mpaka kifungo kikakatika. Alikuwa analia. Alisema kuna shimo. Aliuliza ni nani aliyechimba shimo mlangoni pa watu na kulijaza maji meusi, na kwa nini kila likikaribia kukauka wanakuja kulichimba tena.

Mutsinzi alikuwa kwenye gari, akashuka kuja kwetu, na Mama akaziba uso asimwone anavyozama. Alipofika alipiga magoti mbele ya Mama. Kwa mara ya kwanza nikamsikia anamuuliza Mama kitu mwenyewe. Aliuliza hilo shimo lina kina gani. Mama akamjibu kwa upole kwamba halina mwisho, akamsihi asiwe anapita pale. Mume wangu akalia palepale, na suti yake ya kazini.

Tulimpeleka hospitali kwa kupitia uani kwa Kamau. Kaka, Mama anaumwa. Daktari anasema ni ubongo, kumbukumbu zinamwondoka, na macho yake yanaona ila akili inasoma vingine. Kitu cheusi kinachong'aa anaweza kukiona kama shimo au maji. Anasema hali hii haikuanza jana, huenda ilianza akiwa bado Ngara, na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma.

Sasa Mutsinzi amepata dawa ya lami ya rangi ya kijivu, ya maji, isiyong'aa. Eustache anacheka, hajaona mtu anayelipa ili lami mpya ifanane na kuukuu. Itapakwa mvua zikitulia. Kama Mama atavuka, sijui.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili: usije kumchukua. Sebule yako yote ni vigae vyeusi, utamfungia chumbani kama tulivyomfungia sisi. Njoo umwone, na uje mapema. Ile Jumanne alinishika kwa mikono yote miwili nisizame, na mpaka leo sijui alidhani anamwokoa nani.

Wifi na watoto wasalimie wote, na ukiwapata wa Ngara uwaeleze taratibu. Mutsinzi anakusalimu kwa heshima. Mama naye anakusalimu sana. Wewe anakutaja kwa jina kila asubuhi. Mimi ananiita dada wa hapa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Careen