Siku ya Buffalo

Louisville, tarehe 4 Juni

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa, huko Kadutu, Bukavu,

Mama, pokea salamu zangu za heshima katika jina la Yesu. Magoti yanaendeleaje? Bado yanakusumbua ukipanda kutoka sokoni? Na sukari je, unameza dawa au umerudia kusema ni Mungu tu? Sisi huku tunapumua. Mjukuu wako Sandrine amenipita urefu. Nikimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza, nikimgombeza ananijibu kwa Kiingereza vilevile. Lakini siku ya Mungu, kwenda kanisani, anavaa kile kitenge ulichotuma, basi namsamehe.

Barua hii nimeitia mkononi mwa Mama Dafroza, mke wa shemasi wetu, anayekuja kumwona dada yake. Nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe. Vaa miwani uisome peke yako, usimwite mtoto wa jirani akusomee. Kwa simu sikuweza. Kwenye groupe ya familia tuko watu arobaini, na mimi unanijua, nikianza kulia wanasikia mpaka Goma.

Naandika haraka juu ya Bagula. Mwana wako anakuja kwako mwisho wa mwezi huu kukutolea ushuhuda wake, na nataka barua imtangulie.

Unakumbuka tulivyokupigia simu mwaka jana, ile Jumanne. Mume wangu Byamungu alikuwa anapakia maboksi kwenye lori kule Jeffersontown, mshipa wa kichwa ukapasuka. Hospitali wakamweka kwenye mashine ya kupumulia. Kanisa likatangaza kufunga siku tatu bila chakula wala maji, kwenye ile laini ya simu tunayoombea wote: Jumatano Louisville, Alhamisi Columbus, Ijumaa Buffalo. Kila mji na siku yake, simu wazi toka asubuhi mpaka jioni. Wewe ulifunga zote tatu, na sukari yako ile. Sijasahau, Mama.

Bagula unajua alikuwa mtu gani. Tangu baba yao auawe, aliapa kwamba Mungu aliyekaa akitazama tu hatalisikia domo lake tena. Miaka tisa hakukanyaga kanisa. Na kaka yake hawakusalimiana tangu siku Byamungu alipomwita mpagani mbele ya watu, kwenye harusi. Yeye huko Buffalo alikuwa na kazi yake ya kufua mashuka ya mahoteli, na bia yake, basi. Ile Ijumaa mtu wa kazini akampa namba ya laini. Saa nane na nusu nikasikia sauti yake. Yesu wangu! Kuomba alikuwa amesahau, donc alizungumza na Mungu kama unavyozungumza na jirani mliyegombana. Alisema ampe kaka yake saa moja tu ya uhai, yeye Bagula amwombe msamaha, halafu Mungu afanye anavyotaka. Buffalo nzima walilia. Aliposema amina, mimi nikafungua mdomo kwenye laini, nikawaambia Byamungu amepumzika.

Tangu siku ile Bagula hajagusa bia. Mwezi wa tatu walimbatiza. Ametoa ushuhuda Buffalo, akautoa hapa kwetu, na mwezi uliopita Columbus, kwenye mkutano mkubwa kule Linden. Anasema kaka yake alimngojea, aliposikia sauti ya mdogo wake ndipo akakubali kwenda. Pasta Masumbuko akaniita nisimame kando yake. Akasema sasa tumejua mateso yale yalikuwa ya nini, mmoja amelala ili mwingine aamke. Watu wakaruka. Na mimi nikapiga makofi, Mama. Nilipiga makofi kwa nguvu.

Bon. Nimezunguka vya kutosha.

Byamungu hakufa Ijumaa. Alikufa Alhamisi, saa tisa na dakika kumi za mchana, na mimi ndiye niliyetia sahihi mashine izimwe.

Daktari alinieleza kupitia mkalimani wa simu, mama mmoja Mtanzania mwenye Kiswahili kizuri, polepole, kwamba ubongo umeharibika na hataamka. Hakunisukuma. Nilimwambia kanisa limefunga mpaka Ijumaa, akajibu kwamba wanaweza kungoja, hakuna haraka. Donc usimlaumu. Niliambiwa ningoje kama nataka, na sikungoja.

Sikioni nilikuwa na simu. Columbus walikuwa wanaomba, mmoja anasema anamwona Byamungu anatembea. Mimi nilikuwa namtazama Byamungu. Kazi yangu ni kugeuza wazee vitandani, mwili ambao mwenyewe ameondoka naujua. Ningeweza kukuambia nilimhurumia, na ni kweli, lakini si hiyo tu. Tangu Jumanne nilikuwa namwita Mungu, na Alhamisi ile nikajua moyoni kwamba hakuna anayesikia. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu walishahama. Nikaomba kalamu.

Halafu nikaogopa. Mke aliyezima mashine kabla ya siku ya tatu! Jina hilo lingenifuata mpaka niingie kaburini. Wamama wa kanisa niliwaambia madaktari wamekataza wageni. Sandrine nilimwambia baba amelala. Ijumaa niliweka simu mezani, nikasikiliza Buffalo wanamwombea uzima mtu aliye ndani ya friji ya maiti. Nilijiambia nitasema saa sita. Nitasema baada ya huyu. Baada ya huyu mwingine. Ndipo Bagula akaingia, na baada ya Bagula ningesema nini?

Saa moja aliyoiomba ilikuwa imekwisha jana yake. Ningengoja siku moja tu, siku moja, Mama, angemwomba msamaha kaka ambaye bado ana joto. Hilo ndilo linalonila. Wanasema mateso yana kusudi. Labda. Langu naliona, linaitwa Bagula, na limekaa juu ya uongo wangu. Nikiuondoa, atarudi alikotoka, na safari hii hatatoka.

Kanisani naenda, naimba, ndani hakuna kitu. Sitakudanganya tena. Kilichobaki ni kimoja: kila Alhamisi saa tisa na dakika kumi, hata kama niko kazini, naacha mikokoteni ya chakula, nasimama kwenye korido. Simwambii Mungu neno. Sijui kama yupo ananitazama. Nasimama tu mpaka waniite.

Bagula ameagiza jiwe la kaburi. Juma lililopita alinipigia niyahakikishe maandishi kabla hawajachonga, na tarehe aliyoisoma ilikuwa ya Ijumaa. Nikamwambia ni sawa. Jiwe limeshasimama, Sandrine alilipiga picha.

Atakuonyesha picha hiyo. Atakuambia kaka yake alimngojea, na atalia kama mtoto. Nakuomba kwa magoti, umwitikie amina. Barua hii asiione. Mimi unihukumu unavyotaka, hata ukikataa nisikuite Mama tena nitaelewa. Lakini wewe ndiwe uliyemzaa Byamungu, na siwezi kukuacha uikosee siku aliyokufa mwana wako.

Wasalimie wote wa nyumbani, na wamama wa kikundi cha maombi waliofunga pamoja nawe. Waambie tunawashukuru, usiwaambie zaidi. Mungu akulinde, kama yuko hapo karibu nawe kuliko huku kwangu.

Mbele ya Bagula, Mama, mlilie Ijumaa. Ukiwa peke yako, mlilie Alhamisi. Saa tisa ya huku, huko kwako ni saa tatu usiku. Nitakuwa nimesimama.

Mimi mkwe wako,
Chimène, Mama Sandrine