Keki ya Msibani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana hata kanisani sasa naingia wakiwa wameshaanza kuimba ili nisisalimiane na mtu. Mimi ni mjane wa hapa Clayton, kusini mwa Atlanta, na mtaani kwetu kukitokea msiba ndimi niokaye keki ya siagi nikawapelekea wafiwa, kama mama yangu alivyofanya, na nikifika hukaa jikoni na kusikiliza nani amerithi nyumba, watoto gani wako mbali, nani hataki hata kuiona tena. Mwaka juzi kijana mmoja wa kampuni inayonunua nyumba na kuzipangisha aliniambia, "Bi mkubwa, wewe unaujua mtaa huu kuliko mleta barua. Ukisikia familia inataka kuuza, ninong'oneze tu," nami nikanong'ona, akaniletea bahasha, nikanong'ona tena, nikijiambia kwamba nawapunguzia wafiwa mzigo. Sasa nusu ya mtaa ni ya kampuni, bomba likipasuka ukawapigia simu unajibiwa na mashine, na mwanangu Cordell, aliyerudi na mkewe na mapacha, ametafuta nyumba ya kununua mpaka amechoka, kwa kuwa kila benki inapomkubalia mkopo kampuni imeshalipa taslimu. Juzi mezani akasema, "Mama, hawa watu wananusa maiti. Kaburi halijafukiwa, wameshabisha hodi," nami nikainuka kwenda kuosha sahani iliyokuwa safi. Wiki hii amefariki Shemasi Purvis, na mkewe Ozella, rafiki yangu tangu shuleni, anataka kuuza nyumba akaishi na dada yake Alabama, na kijana ameshapiga simu: "Keki imeiva, bi mkubwa?" Nikisema ukweli Ozella atanichukia, na Cordell pia. Je, nikinyamaza tu, yatapita?

Mwenye Haya

*

Dada Mwenye Haya,

Majina nimeyabadili, ila mwenyewe utajijua. Hayatapita.

Kuuza nyumba si dhambi, na kuinunua si dhambi. Lakini elewa jambo hili. Mtu wa mkopo husubiri benki, husubiri fundi wa kukagua paa, husubiri sahihi; kampuni hulipa leo. Nafasi pekee ya mtu kama Cordell ni zile wiki ambazo wafiwa wanalia na hawajaamua kitu. Wiki hizo ndizo ulizouza wewe. Najua umeumia, na haya uliyonayo ni dalili kwamba moyo wako bado mzima. Usiitafutie dawa ya kuiua.

Kunyamaza nako si toba. Kijana huyo ana wanong'onaji wengine.

Leo mpigie umwambie keki haiivi tena. Kisha oka, uipeleke kwa Ozella, useme kabla hajashika kisu: "Ozella, nimekuwa nikiuza habari za misiba yetu kwa wanunuzi. Wakija, usitie sahihi mpaka machozi yakauke." Wala usimwombee Cordell nyumba hiyo. Toba yenye ombi ndani yake ni biashara ileile. Jioni hiyohiyo mwambie mwanao, asije akasikia kwa mwingine.

Ozella akiikata keki, kuleni. Asipoikata, iache mezani uende zako. Na msiba ujao oka tena, dada yangu, ila ukae sebuleni na wenzako. Jikoni usiingie.